KWA NINI TRENI HAIKUFIKA BUKAVU



Wiki iliyopita mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza: «Yaya, juu ya nini Kalemie na Kindu wako na treni, na sisi hapana?» Nilimjibu haraka: ni juu ya milima. Kisha nikaona nimemdanganya nusu, maana reli ilianza kweli kuja kwetu.

Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na kampuni yenye kuitwa Chemin de fer du Kivu, kwa kifupi CEFAKI. Jina lenyewe linaonyesha walikusudia kufika wapi. Reli ilianzia Uvira, kwenye pwani ya ziwa Tanganyika, ikafuata bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, karibu kilometa 94. Ilianza kazi mwaka 1931. Pale Kamanyola ikasimama.

Tufanye hesabu kidogo. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770. Tofauti ni mita 690 hivi. Lakini Ruzizi haishuki sawasawa. Sehemu kubwa ya mteremko iko katika kilometa 40 za kwanza, kati ya Bukavu na Kamanyola, ndani ya makorongo. Chini yake ni bonde tambarare. Mwenye kupita Ngomo juu ya kamio anajua, tumbo lake limemwambia. Sasa, treni yenye mizigo ikipanda mita 1 katika kila mita 40, hiyo ni kazi ngumu tayari. Ili ipande mita 500 inataka kilometa 20 bila kupumzika, na katika milima ile kungehitajika madaraja na kutoboa miamba. Feza nyingi sana.

Basi fuateni gunia moja la kahawa la wakati ule. Linapakiwa kwenye kamio hapa Bukavu (mji uliitwa Costermansville), linashuka Kamanyola. Linatolewa, linaingia treni. Uvira linatolewa tena, linaingia meli mpaka Kigoma. Kigoma linaingia treni nyingine, ile ya Wajerumani iliyofika pale mwaka 1914, mpaka Dar es Salaam, na huko meli ya bahari. Kila mara wapakizi wanalipwa, na gunia moja moja linapasuka.

Hapa ndipo jibu langu kwa yule mdogo lilipungukiwa. Milima ilizuia treni kupanda, ndiyo, lakini naona kilichoiua kule bondeni ni kamio. Mzigo ukiisha kupanda kamio Bukavu, kwa nini ushushwe Kamanyola, wakati Uvira haiko mbali tena? Reli fupi hivi, isiyofika penye mizigo, inaongeza kazi tu ya kupakua. Mwaka 1958 ilifungwa.

Kamanyola watu wengi wanaijua kwa vita ya 1964, na kwa meli ya Mobutu yenye jina lile. Kwamba ilikuwa stesheni ya mwisho ya treni, wachache wanasema. Bandari ya Kalundu, pale Uvira, ilibaki na meli zake bila reli. Huyo mdogo wetu nimemrudilia jana na kumweleza. Akauliza: «Na kamio ikiharibika Ngomo?» Hilo nimemwachia mwalimu wa jiografia.