Umebadilisha switchi kwa nini?

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mtoto wa kwanza kati ya watatu, naishi Arusha. Baba yetu alifariki mwaka juzi akaacha pikapu yake, Land Rover 109, aliyoinunua mwaka 1984 kwenye mnada wa magari ya serikali. Tumekulia humo. Tangu afariki gari limelala bandani nyumbani Karatu. Oktoba 2024, nilipoyaona magari yaliyojaa hapa mjini kwenye tamasha la Land Rover, niliamua kulifufua la Baba liwe kama lilivyotoka kiwandani. Nilikwenda na lori nikalipakia. Mdogo wangu, ambaye hana kazi ya maana na ndiye aliyebaki nyumbani na Mama, siku hiyo alikuwa Mang'ola kwenye vitunguu. Mama alinyamaza tu. Ufunguo anao mdogo wangu na hakutaka kuutoa, hivyo nimebadilisha switchi, shilingi elfu arobaini, si tatizo. Fundi ameshang'oa takataka zote alizokuwa amefungafunga huyo bwana mdogo, mawaya na mpira wa tyubu mlangoni. Mpaka sasa nimetumia milioni sita. Baba alipougua yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali Moshi kwa gari hilo, mimi nilikuwa natuma hela.*

*Maswali yangu: chasisi imeoza, nichomelee au nitafute nyingine? Fundi anashauri nifunge injini ya dizeli ya Kijapani kwa sababu hii ya petroli inakunywa sana, lakini naona nitaua kumbukumbu ya Baba. Mke wangu anasema niuze. Mdogo wangu hapokei simu zangu, lakini hilo ni la kwetu, litakwisha.*

*Mtoto wa Kwanza, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu mara tatu ya hii. Nimekata habari za taa, siti na rangi, nikaacha zile sentensi ulizozipitia haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Nianze na switchi. Wanaobadilisha switchi isiyo na ubovu ni watu wa aina mbili: aliyepoteza ufunguo, na aliyechukua gari la mwenzake. Wewe ufunguo hukuupoteza. Unajua uko kwa nani, anakaa wapi na analala saa ngapi. Kutoka Arusha hadi Karatu ni kama kilomita mia na hamsini za lami, mtu anapanda basi asubuhi na mchana yuko kwao. Ukaona heri utoe elfu arobaini kuliko kukaa na mdogo wako kwenye benchi moja umwombe. Halafu ukaniandikia "si tatizo". Mwanangu, tatizo ni hilo. Chasisi nitakujibu baadaye.

Na usinieleze kwamba siku ile alikuwa Mang'ola kwa bahati. Lori halikodiwi kwa bahati. Mtu anayejua vitunguu vinang'olewa lini anajua pia mwenye banda atakuwa shambani lini, na wewe umezaliwa kwa baba aliyefanya biashara hiyo hiyo. Mama yako "alinyamaza tu". Wewe umehesabu ukimya huo kuwa ruhusa. Mjane anayeona mwanawe wa kwanza anaingia uani na lori, watu wa kusukuma na minyororo, wakati mwanawe mwingine hayupo, aseme nini? Akikuzuia, amekuaibisha mbele ya makuli. Akikuruhusu, amemsaliti yule atakayerudi jioni akute banda tupu. Amenyamaza kwa sababu hukumwachia neno lolote la kusema.

Sasa nikuulize hili la "hana kazi ya maana", maana hapo ndipo uliponikasirisha.

Karibu kila ukoo una mtoto aliyebaki. Wengine walikwenda mjini, wakapata mshahara, wakajenga, na wanaporudi Desemba wanamkuta yuko pale pale na suruali ya shambani, basi wanahitimisha kwamba alishindwa maisha. Hawajiulizi nyumba waliyoikuta imesimama ilisimamishwa na nani. Presha ya mama ikipanda saa nane usiku anaamshwa nani? Ng'ombe akikwama kuzaa? Mpaka wa shamba ukisogezwa na jirani, nani anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji asubuhi, na kesho, na keshokutwa? Msiba ukitokea ndiye anayetafuta maturubai na kusimamia kaburi, kisha kwenye kikao wa mjini wanakaa kwenye viti vya plastiki na yeye anatumwa soda. Nimeshuhudia vikao vya namna hiyo kwa miaka mingi na bado vinanichoma.

Ulituma hela, sikatai, na hela ilihitajika. Lakini hela yako ina ujumbe wa simu wa kuithibitisha, siku, saa na kiasi. Safari zake za Karatu hadi Moshi hazina ujumbe. Usiku aliolala ndani ya hiyo pikapu nje ya wodi, kama alilala, hakuna aliyeuandika. Siku mtakapokaa kugawana, risiti zako zitasomwa na zake hazipo, basi ataonekana mtu aliyekula urithi kabla ya wenzake. Mimi nasema hivi, na wanaonisoma wamenichoka kwa kulirudia: mtoto aliyebaki na wazazi amefanya kazi, na kazi hiyo ilikuwa na thamani kila siku iliyofanyika, iwe ililipwa au haikulipwa. Ukimwita asiye na kazi, unajisamehe deni.

Unasema gari lililala bandani, kana kwamba alilitelekeza. Huenda hakuwa na hela ya betri. Huenda pia gari lililompeleka baba hospitali mara ngapi sijui, na safari ya mwisho likarudi bila yeye, halipigwi stata wiki inayofuata kwenda kupakia vitunguu. Wewe umelikosa kwa miaka ukalitamani. Yeye aliliona kila asubuhi akienda chooni. Nyote wawili mna msiba, ila wewe peke yako ndiye uliyepeleka wako gereji.

Na zile "takataka". Ule mpira wa tyubu mlangoni unajua ulifungwa kwa nini? Kwenye barabara ya Mang'ola, matuta yale madogo madogo yanayotikisa meno, mlango wenye komeo lililolegea unafunguka wenyewe. Kama mgonjwa alikaa upande huo, mpira ule ulikuwa unamzuia baba yako asidondoke. Waya nazo: waya hufungwa mahali palipokatika kitu. Fundi mwenye akili, kabla hajang'oa kifungo cha mtu, anauliza hapa palikuwa na nini, kwa sababu kila kifungo kinamwonyesha ugonjwa. Mtu pekee anayejua gia ipi inaruka mlimani na maji ya rejeta yanapungua baada ya mwendo gani ni huyo asiyepokea simu zako. Umetumia milioni sita bila kuuliza swali hata moja kwa mtu ambaye angekujibu bure.

Unataka liwe "kama lilivyotoka kiwandani". Baba yako hakuwahi kuliona lilivyotoka kiwandani! Wewe mwenyewe umeandika alilinunua mnadani, 1984. Alilikuta limeshatumiwa na serikali mpaka limechoka. Wanaokumbuka miaka ile wanajua maana ya mtu wa kijijini kuwa na gari, petroli ikiwa ya foleni, na Jumapili baada ya saa nane mchana huruhusiwi kuendesha bila kibali. Pikapu moja ilikuwa gari la wagonjwa, la maharusi, la mahindi na la jeneza. Gari la Baba ndilo hilo lenye mikwaruzo. Hilo unalolitengeneza ni la afisa fulani wa serikali usiyemjua.

Haya, chasisi. Waingereza walipoanza kuyatengeneza magari haya mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, wakaunda bodi kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana bodi ya Land Rover inaweza kukudanganya miaka arobaini. Haishiki kutu kama chuma, inapinda tu na unainyoosha. Chasisi ni chuma, ina uwazi ndani, tope na maji vikiingia vinakaa humo vikiila kutokea ndani ambako huoni. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga kuanzia mkiani kuja mbele. Palipo pazima panalia, palipooza panatoa sauti ya boksi. Ikiwa ni mkia na ile mikono ya pembeni inayoshika bodi, kata sehemu iliyooza yote, uchomelee chuma kipya cha unene uleule. Usikubali fundi abandike bati juu ya kutu na kupaka rangi. Ikiwa mihimili mikuu imekwisha pale springi zinaposhikia, tafuta chasisi nyingine.

Lakini namba ya chasisi imo kwenye kadi ya gari. Ya injini pia imo. Ukibadilisha kimojawapo, kihalali unatakiwa uende TRA kadi irekebishwe, na pale dirishani watakuuliza mmiliki yuko wapi. Kadi ina jina la nani, mwanangu? La marehemu. Ili mtu aguse kadi ya marehemu, mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi hupelekwa mahakamani na muhtasari wa kikao cha familia. Katika kikao hicho atakuwepo Mama, atakuwepo huyo mtoto wa tatu ambaye hukumtaja hata kama ni kaka au dada, na atakuwepo mwenye ufunguo. Umekwepa benchi la Karatu kwa elfu arobaini, na maswali yako yote mawili ya gereji yanakurudisha palepale.

Hata hilo la dizeli. Injini yako ya petroli ya lita 2.25 ni chuma kizito kisicho na mambo mengi, mafundi wa zamani wanaifungua wakipiga soga. Kama gari litatoka Jumapili na siku za tamasha, iache, mafuta inayokunywa hayatakufilisi. Kama litarudi Karatu kubeba vitunguu, dizeli ina maana, na baba yako mfanyabiashara asingelia hata tone, maana lile gari hakulinunua awe na kumbukumbu. Kwa hiyo kwanza ijulikane nani atalitumia. Hilo huwezi kulijibu peke yako, wala mimi, wala fundi anayesubiri hela ya injini.

Kesho asubuhi mwambie fundi asimamishe kazi. Muulize vile vifungo alivyong'oa amevitupa wapi, na kama bado viko kwenye boksi uvichukue. Kisha panda basi. Usimtangulize shangazi wala mchungaji, usitume hela ya kulainisha. Ukifika msalimie Mama, halafu mfuate mdogo wako aliko, hata kama ni kwenye vitunguu, ukamwambie kwa maneno haya haya: "Nililichukua gari ukiwa hupo kwa sababu nilijua ungekataa." Basi. Usiongeze "lakini". Mpe na ufunguo wa switchi mpya, awe na funguo mbili na wewe usiwe na wowote, uone inavyokuwa.

Atakutukana, vumilia. Anaweza kusema gari lirudi bandani lioze, na kwa muda huo utakubali lirudi, kwa gharama yako, kwa lori lilelile. Anaweza pia asiseme kitu akaendelea na kazi yake. Basi shika jembe au gunia ufanye naye, mtu haongei na aliyesimama mikono mfukoni. Habari za kikao na mirathi ziache mpaka yeye au Mama azitaje, ila zisipite mwaka huu. Na siku ya kikao hicho, soda utumwe wewe.

Kuhusu mkeo anayetaka uuze: hamuwezi kuuza, kadi si yenu. Lakini milioni sita zimetoka kwenye nyumba yake, na hukuniambia kama alijua kabla au baada. Mjibu leo, kwa hesabu ya karatasi, kabla hamjazima taa.