Dhahabu Ililetwa kwa Mtoto

Somo la Majilio kwa nyumba na sharika
Masomo: Hagai 1:5–7; Luka 2:1–20; Mathayo 2:1–12



Siku za Majilio zatufikia tena, nazo zatukuta na kazi nyingi mikononi. Wazee wa Usukuma walikuwa na desturi ya kufanya furaha zao baada ya mavuno, mwezi wa Juni hata Agosti, ghala zikiwa zimejaa. Ndipo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilipokutana kushindana. Lakini Noeli haiji wakati wa mavuno. Yaja mvua zikiwa zimeanza, watu wakipanda pamba na mahindi, na akiba ya chakula ikipungua. Tena ndio wakati wanetu walio mbali warudipo nyumbani, na vijana watokapo katika machimbo ya Geita, kama Nyarugusu na Rwamgasa, wengine wakiwa na fedha, wengine mikono mitupu. Hapa Kambarage, mjini Shinyanga, mafundi wa cherehani hukesha, wanakwaya hufanya mazoezi kila jioni, na mama wa nyumba hapati nafasi hata ya kuketi. Basi na tuulize: katika shughuli hizi zote, Kristo yu wapi?

1. Kazi si adui wa Noeli

Bwana wetu alizaliwa katika siku za shughuli. Kaisari Augusto alikuwa ameamuru watu waandikwe. Mji wa Bethlehemu ulijaa wasafiri, hata Mariamu akakosa nafasi, akamlaza mwanawe horini. Nao wachungaji walikuwa kazini usiku ule. Malaika hakuwakemea kwa kuwa kazini. Aliwapa habari njema pale pale walipokuwa wakilinda kundi. Wakaenda upesi, wakamwona Mtoto, kisha wakarudi wakimsifu Mungu. Basi mkulima ambaye mbegu zake zamngoja asione haya kushika jembe tarehe 24 Desemba. Neno lililo kubwa ni hili: aitwapo, aende.

2. Waliojua njia wasiende

Herode alipowauliza wakuu wa makuhani na waandishi mahali azaliwapo Kristo, walijibu bila kukawia, maana maneno ya nabii Mika waliyajua. Toka Yerusalemu hata Bethlehemu ni kama kilometa 9 tu. Mtu aweza kwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kabla ya jua kuchwa. Mamajusi waliotoka mbali walikwenda. Lakini hatusomi kwamba hata mmoja wa wale wenye elimu aliondoka kwenda pamoja nao.

Ndugu, hapo ndipo ilipo hatari yetu sisi tulio karibu na madhabahu. Mzee wa kanisa aweza kupamba nyumba ya Mungu, mwanakwaya aweza kuimba kwa sauti nzuri, na mwalimu aweza kufundisha somo hili lenyewe, wala wasifike kwa Mtoto.

3. Habari ya dhahabu

Mamajusi walifungua hazina zao, wakatoa dhahabu. Sisi twaijua dhahabu na taabu yake. Mchimbaji hushuka katika duara, hupandisha mawe gunia kwa gunia, huyapeleka kwenye karasha yakasagwe, huyaosha, na mwisho hupata chembe ndogo. Hakuna mchimbaji aitupaye chembe ile na kuyashangilia magunia. Lakini katika sikukuu twafanya hivyo. Nguo mpya, pilau, wageni na maturubai ni magunia. Chembe yenyewe ni hii, kwamba Mungu alijifanya mtu ili atuokoe sisi wenye dhambi.

Tena tuangalie fedha zetu zinavyokwenda. Jasho la miezi sita huweza kuisha kwa siku tatu, kwa jina la Noeli. Kisha Januari yaingia: shule zafunguliwa, mtoto hana sare wala daftari, palizi yaanza, ghalani hamna kitu, mke apita nyumba kwa nyumba akikopa unga. Nabii Hagai alimtaja mtu apataye mshahara akautia katika mfuko uliotoboka. Ulevi ni tundu kubwa. Kushindana na jirani kwa mavazi na vyakula ni tundu pia. Mamajusi walimpa Mtoto dhahabu. Nasi tusilitumie jina la Mtoto ili tuile dhahabu. Dakta Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anatufundisha kwamba amri ya kwanza yataka tumche Mungu, tumpende na kumtumaini kupita vitu vyote. Amri hiyo haina likizo mwezi wa Desemba.

4. Mama aliye jikoni

Wako mama wengi wasioingia kanisani siku ya Noeli, kwa sababu chakula cha wageni lazima kiwe tayari. Twapenda kumhukumu Martha (Luka 10:38–42), huku tukingoja sahani yake. Enyi waume na vijana, tekeni maji na kupasua kuni jioni ya tarehe 24. Chakula kiwe kichache, tena kiliwe baada ya ibada. Asiachwe mtu nyumbani, wala binti wa kazi.

5. Mashauri

(a) Injili ya Luka ina sura 24. Nyumba ikianza tarehe 1 Desemba na kusoma sura moja kila jioni, itamaliza mkesha wa Noeli.

(b) Kabla ya kununua nguo, tenga kwanza sadaka, fedha za shule, na fedha za mbegu.

(c) Mwalike asiyeweza kukulipa (Luka 14:12–14). Pengine ni mjane. Pengine ni kijana aliyetoka machimboni bila kitu, aonaye haya kuingia kwa baba yake. Baba, mpokee kabla hujamwuliza ameleta nini.

(d) Noeli haiishi kwa siku moja. Kanisa huishika hata Epifania, tarehe 6 Januari. Shukrani zetu ziendelee shambani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Je, mwaka uliopita fedha zetu za Noeli zilikwenda wapi? Ni nani katika nyumba yetu aliyekosa ibada kwa ajili ya kututumikia? Ni nani jirani yetu asiyealikwa na mtu?

Sala

Bwana Yesu, uliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, ututoe katika masumbufu yetu, utufikishe kwako. Ubariki mbegu zilizomo ardhini na watu walio njiani. Utupe moyo wa kutoa wala si wa kujionyesha. Amina.