Maua Hupokezana Zamu

Katika nchi za Ulaya kuna majira ya baridi kali. Miti mingi hupukutika majani, na bustani hulala kwa miezi. Baridi ikiisha, maua hufunguka, aina hii kwanza, aina ile baadaye. Kisangani hakuna baridi ya namna hiyo. Mji uko karibu sana na mstari wa ikweta. Joto ni la mwaka mzima, na mchana una urefu wa saa 12 hivi siku zote. Hata hivyo, maua ya huko nayo yana zamu zao. Yanafuata mvua.

Nyuma ya nyumba moja ya Kisangani palikuwa na kiwanja kidogo. Palikuwa na mwembe mmoja, mibuni minne kando ya ua, na mahali pa kupanda mboga. Mtoto wa nyumba hiyo, mvulana wa darasa la nne, alipewa kazi ya kukitunza.

Mwezi wa kwanza mvua zilipungua. Mwembe ukatoa maua madogo sana, mengi pamoja, kama vishada. Mvua kubwa ikipiga maua hayo, huwa meusi na kuoza, nayo maembe huwa machache.

Kisha ikaja zamu ya kahawa. Matumba yake yalikuwa yamefungwa kwa majuma mengi, yakingoja maji. Mvua nzuri ikanyesha. Baada ya siku saba hivi, matumba yote yakafunguka pamoja alfajiri. Mibuni ikawa myeupe, na harufu tamu ikaingia mpaka nyumbani. Baada ya siku chache maua yakanyauka.

Kahawa hiyo huitwa robusta. Asili yake ni misitu ya Afrika, na hata leo huota yenyewe katika msitu karibu na Yangambi. Mbuni wa robusta hauwezi kuzaa kwa unga wa maua yake wenyewe. Unga huo, uitwao chavua, lazima utoke katika mbuni mwingine, ukiletwa na upepo au wadudu. Ndiyo sababu kufunguka pamoja kunafaa. Toka ua mpaka tunda jekundu ni karibu miezi 10.

Mwezi wa tatu mama alipanda mashina matatu ya maboga. Aliyatumaini sana. Majani yangekuwa mboga, maboga yangepikwa, na mbegu zake, yaani mbika, zingeuzwa sokoni. Fedha za mbika ndizo za kununua madaftari.

Mwezi wa tano maua makubwa ya manjano yakatokea. Yalifunguka asubuhi, na kabla ya adhuhuri yalikuwa yamefunga. Kesho yake yalianguka. Ikawa hivyo siku saba, wala hapakuwa na boga hata moja. Mvulana akasema moyoni, “Mashina haya ni tasa. Yanakula udongo bure.” Akashika shina la kwanza, akaling’oa.

Mama akatoka mbio. “Acha, mwanangu! Umefanya nini?”

“Mama, maua yake yanaanguka tu. Hayazai.”

Mama hakumpiga. Akaokota shina lililong’olewa, akamwonyesha ncha yake. Hapo palikuwa na matumba mawili, na nyuma ya kila tumba palikuwa na kiboga kidogo, kama punje ya haragwe.

“Tazama,” akasema. “Maua uliyoyaona ni ya kiume. Hayo hutangulia. Yana kikonyo chembamba na chavua ndani, lakini hayazai. Maua ya kike huja nyuma, nayo hubeba viboga vyao tangu mwanzo. Haya mawili yalikuwa njiani.”

Mvulana akarudisha shina ardhini, akalimwagilia maji. Jioni lilikuwa limekwisha kunyauka.

Katika mashina mawili yaliyobaki, maua ya kike yakafunguka. Lakini mvua ilinyesha asubuhi tatu mfululizo, na nyuki hawakutoka. Viboga vya kwanza vikawa vya manjano, vikaanguka. Mvulana akaogopa. Mama akamwambia, “Ua la kike lisipopata chavua, kiboga chake hufa. Kesho tutafanya kazi ya nyuki.”

Asubuhi ya nne mvua ilikatika. Wakaamka mapema. Mvulana akachuma ua la kiume, akaondoa majani yake ya manjano, akagusisha chavua katikati ya kila ua la kike lililofunguka. Akafanya hivyo asubuhi nyingine pia. Baada ya siku chache viboga vikavimba, vikawa vya kijani na vigumu.

Majuma saba yakapita. Mashina mawili yakatoa maboga matano. Mbika zikakaushwa, zikauzwa, na madaftari yakanunuliwa. Fedha za kalamu hazikupatikana, kwa maana shina la tatu halikuwapo. Mvulana aliandika kwa kipande cha kalamu ya zamani muda wote wa masomo.

Katika daftari moja aliandika ukurasa wa mwisho: mwembe, kahawa, maboga, na mbele ya kila jina, mwezi wa maua yake. Mwaka uliofuata, maua ya kwanza ya maboga yalipoanguka, mdogo wake alimwita kwa kelele. Yeye akajibu, “Yaache. Hayo ni watangulizi.”

Maneno
Tumba: ua ambalo halijafunguka.
Chavua: unga wa kiume wa ua.
Kikonyo: kijiti kinachobeba ua au tunda.
Tasa: asiyezaa.

Maswali
1. Kisangani, ni nini kinachoamsha maua ya kahawa?
2. Kwa nini mbuni mmoja wa robusta peke yake hauzai?
3. Utatambuaje ua la kike la boga?
4. Kwa nini viboga vya kwanza vilianguka?
5. Tazama kiwanja cha kwenu. Andika maua yanayochanua mwezi huu.