Bao, kete 64 na somo la kompyuta Mpwapwa

Wenzangu mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, nawapa kitu kilichoniokoa Mpwapwa mwaka jana. Nilipangiwa Kidato cha Pili: wanafunzi 52, kompyuta sita, mbili mbovu. Mada ilikuwa Excel. Nilichora jedwali ubaoni, wakalinakili vizuri sana. Nilipouliza C3 iko wapi, kimya.

Jumatano umeme ukakatika. Nikawatoa nje, chini ya mbuyu, tukachimba bao: safu 4, kila safu mashimo 8, jumla 32. Juu tukaandika A hadi H kwa kijiti, pembeni 1 hadi 4. Kete zilikuwa mbegu za ubuyu, na hizo huku hununui. Tulicheza bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, yaani 64. Niliongeza sheria moja tu: kabla ya kugusa shimo, litaje kwa anwani yake. Ukisema "lile pale", umepoteza zamu. Haikuchukua muda C3 ikajulikana na kila mtu.

Umeme uliporudi, kila kundi liliingiza bao lake kwenye kompyuta, shimo tupu likiandikwa 0. =SUM(A1:H4) lazima ilete 64, maana kete za bao zikiliwa hazitoki, zinasambazwa tena. =SUM(A1:H2) inaonyesha mchezaji wa upande wa juu ana ngapi. =COUNTIF(A1:H4,0) inahesabu mashimo matupu. Ikija 63, kuna mtu kahesabu vibaya, na hapo ugomvi mtamu unaanza.

Ila nilijikwaa. Jibu lilikuwa linajulikana, kwa hiyo makundi mawili yaliandika tu 64 kwa mkono, nami nikawapa vema! Msimamizi wangu alibofya ile seli, akanitazama bila kusema neno. Aibu niliyoiona, we acha.

Kesho yake nilichomoa kete tatu kimyakimya. Pia nikaamuru kwamba aliyecheza bao hagusi kibodi, kwa sababu wavulana walikuwa wanashika vyote viwili. Binti mmoja ambaye hakuwahi kupishwa akaketi, akaandika fomula polepole, kisha akageuka: "Madam, kompyuta inasema 61. Hesabu kete zako."

Bao halifundishi kuchapa, tusidanganyane. Alama ya = waliitafuta kama sindano, na nukta mbili hawakujua inataka Shift. Kwa hilo bebeni Tux Typing kwenye flashi: ni ya bure, haihitaji intaneti, samaki wenye herufi wanaanguka na pengwini anawala ukichapa sawasawa. Shule ikikosa Excel, LibreOffice Calc nayo ni ya bure na fomula zangu zinakubali. Ikikataa koma, weka nukta mkato.

Mbegu ninazo bado, kwenye kopo chini ya kitanda. Atakayepangiwa Mpwapwa aje azichukue. Ziko 61, zile tatu sikumbuki nilizificha wapi.