Mwanasesere Atoke Kabatini



Somo la toleo hili tulikuwa tumepanga liwe juu ya visima. Tumelibadilisha kwa sababu ya ndoo. Katika kijiji kimoja cha ukanda wetu, kati ya Msimbati na mdomo wa Ruvuma, mtoto wa miezi kumi alijiinua kwa kushika ukingo wa ndoo ya maji, akatumbukia kichwa. Maji yalikuwa yamekupwa na mama alikuwa pwani akitafuta pweza. Dada yake mtoto alikuwa jikoni. Waliofika kwanza ni wanawake watatu, na wawili kati yao walikuwa na vyeti vyetu vya huduma ya kwanza. Mmoja alimshika mtoto miguu akamning'iniza kichwa chini. Mwingine alikimbia kutafuta pikipiki. Mtoto hakurudi.

Hatuwalaumu akina mama hao. Vyeti walivipata miaka miwili kabla, katika semina ya siku tatu yenye posho na picha ya pamoja, na tangu siku hiyo hawakumgusa tena mwanasesere wa mazoezi. Alikuwa ofisini kwetu, kabatini, ndani ya mfuko wake wa nailoni, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja. Kosa hilo ni letu, na tunalisema mbele ya waliochangia kumnunua.

Wenzetu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walijifunza jambo hili mapema. Mwaka 2010 wahudumu wa wodi ya wazazi walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wanaozaliwa bila kupumua. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi kwa mwanasesere, lakini walipotazamwa wakihudumia watoto wenyewe, utendaji ulikuwa ule ule. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, humo humo wodini. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Na hao ni wauguzi na wakunga, watu wa kazi hiyo kila siku. Sisi wa vigangoni tutakumbukaje kwa semina moja?

Basi tujikumbushe. Tunasema habari za mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Mlaze chali juu ya kitu kigumu, meza au sakafu. Kwenye godoro atadidimia. Mgonge nyayo taratibu, mwite. Piga kelele watu waje. Atakayekuja ndiye atafute usafiri, wewe usimwache mtoto. Kichwa kikae sawa, uso ukitazama juu, na kidevu ukiinue kwa kidole. Hapa wengi hukosea: humkunja shingo nyuma kama mtu mzima, na njia ya hewa ya mtoto, ambayo ni laini, hujibana. Tazama kifua na sikiliza, usizidi sekunde 10. Kutweta mara moja moja si kupumua.

Kama hapumui, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, umpe pumzi 5, kila moja kwa sekunde moja hivi. Hewa ya mashavuni inatosha. Kinachotafutwa ni kifua kuinuka; kisipoinuka, rekebisha kichwa ujaribu tena.

Akiwa bado hana dalili ya uhai, mzungushie mikono miwili kifuani, vidole vikiwa mgongoni na vidole gumba vikiwa pamoja juu ya mfupa wa kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Kandamiza hadi theluthi ya unene wa kifua, kama sentimeta 4, kisha kiache kiinuke chote. Fanya hivyo mara 30, kwa kasi ya karibu mara mbili kila sekunde, halafu pumzi 2, halafu 30 tena. Mikono isipoweza kumzunguka, tumia kitako cha kiganja kimoja. Mliojifunza zamani mlifundishwa kutumia ncha za vidole viwili; mwongozo wa Marekani wa mwaka 2025 umeachana na njia hiyo, kwa kuwa vidole havifikishi kina kinachotakiwa. Endelea mpaka apumue, au mpaka mhudumu wa afya apokee. Ukiwa peke yako na huna simu, fanya kwa dakika moja, ndipo umbebe ukatafute watu.

Kumning'iniza, kumkamua tumbo na kumwagia maji baridi tuviache kabisa. Maji aliyoyameza si hoja, hoja ni hewa.

Hatusemi kwamba kila mtoto atarudi. Wengine hawarudi hata mikononi mwa madaktari. Lakini kutoka Msimbati hadi Hospitali ya Ligula ni mwendo mrefu, na ubongo usiopata hewa huanza kuharibika kwa dakika chache tu. Namba 115 ya mfumo wa m-mama ni ya bure kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, iandikwe ukutani. Gari likija, bado dakika za kwanza ni za aliye karibu.

Na aliye karibu mara nyingi ni dada wa miaka 12, mama akiwa pwani au kwenye mikorosho. Yeye hatukuwahi kumwalika semina. Sasa aje, na majirani zetu Waislamu waje na mabinti zao, maana ndoo haiulizi dini.

Kwa wafadhili, ombi letu ni dogo kuliko la mwaka jana. Hatuombi fedha za semina. Tunaomba wanasesere wawili zaidi, na vitambaa na dawa ya kuwasafishia midomo kila baada ya mtu kupuliza.

Kwa kamati: dakika 10 katika kila kikao cha mwezi, kabla ya hesabu, maana baada ya hesabu watu huondoka. Kila mjumbe apulize mpaka kifua kiinuke. Mwanasesere ameshatoka kabatini. Mwezi huu yuko Madimba, mwezi ujao Msimbati, kisha Kilambo. Anayempokea atie sahihi kwenye daftari.