Boksi Mbili, Miche ya Nyanya na Swichi ya Mwanga

Ukiingia Ilula, wilayani Kilolo, kwa barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, matenga ya nyanya ndiyo yanayokupokea. Nyanya zote hizo zilianza kama miche kitaluni, na ndani ya kila mche mlikuwa na protini inayohisi mwanga. Watafiti wamejifunza kuikata protini ya aina hiyo na kuitia katika seli za wanyama ili waziongoze kwa mwanga. Somo hili kwa kawaida huanza na michoro ya DNA. Mimi naomba mwalimu wa baiolojia aanze na mche.

Hatua ya 1. Tafuta boksi mbili za viatu, vikopo viwili, mbegu za nyanya, seloteipu, na karatasi angavu za kufungia zawadi: ya buluu na nyekundu. Panda mbegu kumi katika kila kikopo, mwagilia, weka gizani. Baada ya siku 6 hadi 10 hivi zitachomoza.

Hatua ya 2. Toboa kila boksi tundu moja ubavuni, upana wa kidole gumba, usawa wa vichwa vya miche. Tundu moja lizibe kwa karatasi ya buluu, la pili kwa nyekundu iliyokunjwa mara mbili. Weka kikopo kimoja ndani ya kila boksi, kisha ziba viungo vyote vya boksi kwa seloteipu. Hapa ndipo jaribio huharibika: ufa mwembamba kama uzi unatosha kuipotosha miche yako.

Hatua ya 3. Elekeza matundu kwenye dirisha lenye mwanga, lakini pasipo jua kali, kisha subiri siku moja au mbili. Miche ya buluu itapinda kuelekea tunduni. Ya nyekundu haitageukia tundu hivyo, ingawa nayo inapata mwanga. Bila boksi ya pili usingejua kwamba rangi ndiyo iliyotenda kazi.

Hatua ya 4. Waeleze wanafunzi kilichotokea. Ile protini ya mche inayohisi mwanga inaitwa fototropini. Imebeba flavini, kemikali itokanayo na vitamini B2. Mwanga wa buluu ukiipiga, flavini hujifunga kwenye sisteini, asidi amino iliyo jirani nayo, na mkia wa kipande cha protini kinachoibeba flavini hufunguka. Giza likirudi, kifungo huachia na mkia hujikunja tena. Hiyo ndiyo swichi yenyewe, na ni chombo kizuri kuliko vingi tulivyobuni sisi.

Hatua ya 5 na zinazofuata ni za maabara yenye kibali na wasimamizi wa usalama wa kibaiolojia. Kwanza mhandisi huchagua swichi kulingana na kazi. Kwa neva, wengi hutumia chanelirodopsini, protini ya mwani inayohisi mwanga. Mwaka 2021 wanasayansi waliripoti kwamba mtu aliyekuwa kipofu aliweza kutambua vitu mezani baada ya seli za jicho lake kupewa protini ya jamii hiyo.

Kwa mwendo wa seli, watafiti wa Marekani walichukua kipande cha fototropini ya oti, wakakiunganisha na Rac1, protini inayosukuma ukingo wa seli mbele. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2009. Ugumu uko kwenye kiungo kati ya hivyo viwili, ambacho lazima kiifunge Rac1 gizani na kuiachia mwangani. Kikilegea mno, Rac1 hufanya kazi hata gizani. Kikikaza mno, haifunguki kabisa. Hivyo hujaribiwa urefu mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya 6. Tengeneza boksi nyekundu ya maabara, yaani seli za kulinganishia. Watafiti huibadilisha ile sisteini, iliyo nafasi ya 450 katika mnyororo wa protini, ili swichi isiwake hata ikimulikwa. Seli zenye swichi hiyo zikisogea zinapomulikwa, basi kuna kingine kinachozisogeza.

Hatua ya 7. Tia DNA ya protini iliyounganishwa ndani ya seli, kisha mulika nukta moja pembeni kwa mwanga wa buluu wa nanomita 450 hivi. Flavini haihitaji kuongezwa, kwani seli zinayo tayari. Ukingo uliomulikwa hutanuka, na seli husogea kuufuata mwanga, kama mche wako ulivyofanya.

Kabla ya kumulika, seli hizo hukaa zimefunikwa kwa foili, na wanaozihudumia hutumia taa nyekundu, kwa sababu ile ile iliyokufanya uzibe viungo vya boksi.