Farasi aliyevunjika mguu hurudi mbioni?

SWALI: Huku Ujiji farasi wa mashindano tunawaona kwenye runinga tu, lakini kijiweni ubishi hauishi. Akivunjika mguu ni lazima auawe, au akipasuliwa anaweza kukimbia tena?

JIBU: Anaweza, ila inategemea mfupa umevunjikaje. Ufa mmoja ambao vipande vyake havijaachana hubanwa kwa skrubu, na mfupa ukiunga vizuri farasi hurudi uwanjani. Personal Ensign, jike wa Marekani, alivunjika mwaka 1986, akatiwa skrubu tano, akarudi mwaka uliofuata na kustaafu 1988 akiwa ameshinda mbio zake zote 13. Utaniambia habari za Barbaro, farasi mwingine wa mashindano, aliyevunjika Mei 2006, akatibiwa na mabingwa, na bado Januari 2007 ikabidi auawe. Kweli, lakini mfupa wake ulisagika vipande zaidi ya 20, na kilichommaliza hasa ni kwato. Binadamu aliyelazwa hospitali ya Maweni hukaa kitandani wiki kadhaa; farasi wa kilo karibu 500 lazima asimame, uzito unahamia kwenye miguu mizima, kwato zinavimba ndani na kuachana na mfupa. Wanaosema upasuaji ni ukatili wana hoja kwa mfupa uliosagika. Kwa ufa, sikubaliani nao.